Ametulia

Soko huria lilipopandisha mitumba mpaka kwetu Chilangala, huku juu mlimani, Alfredi alijinunulia koti lenye maneno ya Kizungu mgongoni. Hakuna aliyejua maana yake. Mimi nilimwambia limeandikwa "Nauzwa". Akanitukana, nikamtukana, tukacheka. Ukoo wake na wangu ni watani tangu enzi za mababu. Wanapofiwa, mimi Ziada ndiye huvaa nguo za marehemu nikamwiga, watu wapate kucheka kidogo katikati ya kilio.

Sikudhani koti lile ningelivaa mapema hivyo.

Alfredi aliugua akili, akalazwa huko chini, hospitali ya mjini. Mama yake, Severina, akahamia naye: kupika uji, kufua shuka, kumbembeleza anywe dawa. Siku aliyopanda nyumbani kufuata unga wa muhogo, wakamruhusu mwanawe, wakampakia kwenye lori la korosho peke yake kama gunia. Alifika kimya. Wiki haikuisha, akajiua.

Baadaye tukasikia, tena kwa watu, kwamba hospitali inafanya kikao kuchunguza kifo chake.

"Twende, mtani," Severina akaniambia. "Kuna jambo hawalijui, na mimi ninalijua."

Getini tulimkuta Swalehe, mlinzi.

"Shikamoo mama. Mnakwenda wapi?"

"Marahaba. Kwenye kikao cha Alfredi. Mimi ndugu wa mgonjwa."

"Mgonjwa gani tena, mama? Si ameshafariki? Leo wanaingia wadau tu."

Wadau! Tulichungulia dirishani tukawaona. Muuza mikate ya hospitali alikuwa mdau. Dereva alikuwa mdau. Mfadhili aliyemwita marehemu "Alfredo" alikuwa mdau mkubwa, amekalia kiti chenye mto. Aliyemzaa ndiye alikuwa mpita njia.

Nikalitoa koti kwenye kikapu, nikalivaa, nikampita Swalehe.

"Hodi humu! Marehemu nimefika!"

Daktari Dunstan, mwenyekiti, ni mtu wa kwetu Newala. Anajua mtani wa msiba hafukuzwi.

"Mtani, jamani, hapa si msibani."

"Kwani mnamjadili nani, bibi harusi?"

Muuza mikate akapaliwa na soda. Nikavuta kiti, nikakaa katikati yao.

"Haya, daktari. Mimi Alfredi. Kwa nini ulinitoa?"

Akatazama kando, kisha akajibu kwa sauti ya mtu anayesoma: "Ulikuwa... alikuwa ametulia. Hapigi kelele, hagombani na wauguzi."

Nikaweka mikono magotini. Nikatazama sakafu, nisipepese jicho.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo," akasema muuguzi Julia, taratibu. Hakuna aliyecheka.

Swalehe alikuwa ameacha geti akaja kunivuta koti, na Severina akaingia nyuma yake bila kuulizwa na mtu. Daktari akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mwanangu akiwa mzima hubishana hata na jogoo. Anaweza kukuambia mchana huu ni usiku, na ukakubali ili upumzike. Akianza kutulia, ndipo mimi silali. Kutulia ndio uliokuwa ugonjwa wake. Nimeingia humu kila siku na bakuli la uji, mnanipisha mlangoni, mnaniambia mama leta sabuni, mama leta shuka. Hakuna aliyeniuliza: mama, huyu akipona anakuwaje?"

Daktari Dunstan akakohoa. Mfadhili akauliza mama amesema nini. Dereva akamtafsiria kwa maneno matatu.

"Hoja yako ni nzito, mama," daktari akasema. "Tumeipokea. Jamani, mpeni mama soda."

Soda ikaja, ya baridi kabisa. Sasa na yeye alikuwa mdau. Daktari akamgeukia katibu wake.

"Chrispin, soma ulivyoandika, tufunge."

Chrispin akasimama, kifua mbele:

"Familia imeshirikishwa kikamilifu. Mama wa marehemu amefika, ameelezwa, na ametulia."

Nimetukana kwenye mazishi mengi katika maisha yangu. Pale sikupata hata tusi moja.

Severina aliirudisha soda mezani, kizibo hakijaguswa. Akakivuta kiti chenye mto, mfadhili akampisha mwenyewe. Akakaa.

"Futa hilo neno," akamwambia Chrispin. "Mimi sijatulia. Shika kalamu, naanza upya."