Kikohozi Kabla ya Papai

Vidole vya fundi wa mageti vilikuwa vimeungua kwa kuchomelea miaka mingi hata simu haikuvitambua. Akigusa mara moja, kimya. Mara mbili, kimya. Basi akazoea kuigongagonga kama abishaye hodi kwa kiziwi.

Simu yenyewe ilikuwa ya marehemu mkewe. Ndani mlikuwa na programu waliyopewa kliniki kwa ajili ya binti yao wa miaka mitano, ambaye tangu aache kunyonya hakujua kingine ila mkate na viazi vya kuchemsha. Baba mtu akambandika jina: Bibi Mkate. Programu haikutaka mtoto alazimishwe. Kipande kiwe chembamba kama ukucha, mtoto akae wima asije akapaliwa, kisha atazame, aguse, anuse, abusu, ang'ate. Kila hatua ilikuwa na sauti ya mzazi. Mama alizirekodi zote tano kabla hajalazwa. Kwenye ile ya mwisho alikohoa kwanza, halafu akasema, "Ng'ata kidogo, mama. Ukishindwa tema, hakuna wa kukugombeza."

Kwa sauti hizo Bibi Mkate alikuwa ameshafika kulibusu papai. Bado kung'ata. Na kliniki walisema wazi: kesho asipokuwa amekula kitu kipya hata kimoja, atalazwa apitishiwe mpira wa chakula puani. Alazwe wodi zile zile! Mama yake alisubiri damu humo mpaka akakata roho, eti mwenye kusaini yuko kikaoni.

Asubuhi hiyo fundi akakata papai, akamkalisha binti, akafungua programu. Akakuta imejigeuza, vitufe vimehama. Shule aliiacha darasa la tatu. Alikuwa akifuata alama, si maneno. Akagonga pale pa siku zote. Kimya. Akagonga tena, na tena. Maneno yakachomoza chini ya kidole, yakapotea. Mama hakusema kitu.

Akampigia muuguzi wa kliniki.

"Ilikuuliza kama ifute sauti za zamani, kaka. Ukakubali."

"Nimekubali nini? Nimegonga tu!"

"Pole sana. Sauti hazikai huku kwetu, zilikuwa humo humo kwenye simu."

"Nani kawatuma mhamishe vitufe?"

"Wakubwa. Hata sisi tumeamka tukakuta hivyo."

"Wakubwa! Kwa mke wangu walikuwa kikaoni. Safari hii wametoka kikaoni, ndiyo balaa lenyewe."

Fundi akakata simu, akaiweka kifudifudi mezani. Alitaka kuivunja, lakini ilikuwa ya mkewe.

"Baba, mbona mama hasemi?"

"Simu imeharibika."

"Itengeneze. Wewe si fundi?"

Akavuta kigoda, akaketi mbele yake, akasafisha koo. "Ng'ata kidogo, mama. Ukishindwa tema, hakuna wa kukugombeza."

Bibi Mkate akamtazama, midomo kaifunga kabisa. Kisha akatikisa kichwa.

"Umekosea. Mama anakohoa kwanza."

Fundi alikijua kikohozi kile. Kilikaa nyumbani kwake miezi saba, kikavu, kifupi, halafu kingine cha kukifukuzia. Alikuwa akikisikia hadi karakana, juu ya kelele za msumeno, na kila siku mkewe alisema ni vumbi tu.

Akakohoa. Kimoja, kisha cha kukifukuzia.

Mtoto akainua kipande, akaking'ata, akakunja uso, akakitema kiganjani mwa baba yake.

"Tena," akasema.

Akakohoa tena. Safari hii kilimtoka chenyewe, na maneno yakamfia njiani. Bibi Mkate hakuyangoja. Akatafuna polepole, macho yamemjaa maji, akameza.

"Nimemeza, baba. Kohoa."

Papai lilikuwa bado na vipande vinne.

Akakohoa.