Mkungu wa Leonidas

Kama umekuja kuniuliza habari za ruksa na biashara, kawaulize wengine. Wamejaa hapa Kasulo watu watakaokueleza jinsi sabuni ilivyorudi na jinsi walivyovaa mitumba yao ya kwanza wakajiona wamefika Ulaya. Mimi Domisiana nina habari ya mkungu mmoja wa ndizi. Kaa kitako, na usinikatize.

Nilizaa wavulana wawili, Leonidas na Audax. Leonidas ndiye mkubwa, na alikuwa mtu wa kuamini. Tulipohamishwa kutoka vibanja vyetu vya zamani, mashamba ya migomba ya ukoo, kuletwa kwenye kijiji cha ujamaa, mimi nililia njia nzima huku nikitukana kila aliyenisogelea. Yeye alikuwa amejitwika mlango wa nyumba yetu, anacheka. "Mama, huko tutalima pamoja na tutakula pamoja, utaona." Wakamfanya msimamizi wa shamba la kijiji. Alfajiri anagonga chuma, watu wanamlaani wakiwa bado vitandani, halafu wanachukua majembe wanakwenda. Hata mimi nilimlaani, na nilikwenda.

Vita ya Amini ilipokuja, Leonidas alikuwa mgambo, akachukuliwa pamoja na wenzake. Aliyerudi kwanza ni Methusela, jirani yetu, mguu umevunjika. Alikaa kwenye kiti changu, akakataa uji, nikajua. Akasema, "Mama, Leonidas ametangulia. Tulimzika hukohuko Uganda." Nikamuuliza Uganda sehemu gani. Akasema porini, walizika haraka, hata yeye akirudishwa leo hawezi kupaonyesha.

Sasa sikiliza. Katika ukoo wetu mtu akifia mbali na mwili usirudi, hatumwachi hivihivi. Unakatwa mgomba, unavikwa nguo ya marehemu, unalazwa kaburini, watu wanalia, msiba unaisha. Kazi ya kukata ni ya wanaume. Wanakata juu ya kisiki, shina tupu, ili lioze ardhini na walio hai wapumzike. Lakini wanaume walikuwa wapi? Walikuwa vitani, na waliobaki walikuwa wazee wa kukohoa tu. Basi tukafanya wenyewe, mimi na wifi yangu Verediana, tukiwa hatujawahi hata kusogea karibu kazi hiyo ikifanyika. Tuling'oa mgomba mzima na kisiki chake, tukauvika shati lake la kijani, tukauzika kwenye kishimo kifupi kwa sababu mikono ilikuwa imeishiwa nguvu. Kijiji kilisema alale kwenye shamba alilolisimamia, pembeni, kando ya barabara. Nilishukuru sana.

Mvua zikanyesha, kaburi likaota.

Verediana ndiye aliyeona kwanza, akapiga yowe mpaka watu wakadhani ni chui. Wazee wakaja, wakatikisa vichwa, wakasema chipukizi ling'olewe, kaburi haliachwi likaota, msiba hautaisha. Nikasimama mbele yao na panga. Nikawaambia atakayegusa aanze na mimi. Usidhani nilikuwa mjinga. Nimelima migomba tangu sijaota meno ya ukubwani, najua kisiki kikifukiwa kinafanya nini. Lakini moyo una mambo yake. Moyo uliniambia kwamba aliyeota hajafa, na mimi nikausikiliza. Nikaanza kumsubiri mwanangu.

Migomba ikaongezeka, ikawa kichaka. Mavuno ya shamba lile yote yalikwenda ghala la kijiji, lakini mikungu ya pale hakuna aliyeigusa. Nilikata mwenyewe, nikaivundika, nikawagawia watoto waliotoka shule. Hakuna kilo wala bei. Mtoto akipita anapewa ndizi, anasema asante bibi, anakwenda zake. Siku hizo nilikuwa karibu na furaha kuliko siku zozote baada ya vita.

Halafu ikaja ile miaka ya dhiki, wewe hukuwapo. Duka la kijiji lilibaki na viberiti vilivyonyonya unyevu na mizani isiyokuwa na cha kupima. Kipande cha sabuni tuligawana nyumba kwa nyumba. Audax alikuwa ameshaoa, na mkewe Jovina alijifungua akamfunika mtoto kwa gunia lililofuliwa. Audax ni mtu wa kunyamaza. Anapanga foleni tangu asubuhi, anarudi mikono mitupu, anachukua jembe anakwenda shambani.

Ruksa ya kila mtu kufanya biashara ilipotangazwa, malori yakaanza kuja. Shamba la kijiji, ambalo lilikuwa limeshageuka pori, likagawanywa. Halmashauri wakampa Audax kile kipande cha barabarani, kwa heshima ya ndugu yake aliyelala pale. Nami nikawashukuru tena! Ningejua ningewatemea mate.

Audax alikuja kukaa na mimi jioni moja, akaanza kwa mbali, mara habari za mvua, mara habari za barabara. Nikamwambia aseme alilonalo.

"Mama, nataka kujenga duka pale. Malori yote yanapita pale. Chumvi, mafuta ya taa, sabuni. Watoto watavaa."

"Pale wapi?"

"Mama."

"Nakuuliza, pale wapi?"

Akainama. "Mama, pale chini hakuna mtu. Ni mgomba."

Ebo! Nilisimama nikampa vidonge vyake. Nilimwambia huo mgomba una utu kumzidi yeye. Nilimwambia Leonidas asingemuuza ndugu yake kwa chumvi. Maneno yalinitoka mpaka Jovina akawachukua watoto akawapeleka nje.

Audax alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Akasema taratibu, "Leonidas, Leonidas. Nimekulimia, Mama. Nimekuuguza. Ulipolala na homa nilikubeba mgongoni mpaka misheni. Na mimi ni mtoto wako. Niko hapa. Utaniona lini?"

Niliingia ndani nikafunga mlango, na tangu siku ile tukawa tunasalimiana tu.

Baadaye nilikwenda Bugarama kumuuguza Verediana, ambaye alikuwa amehamia kwa binti yake. Niliporudi nilipita njia ya barabarani, kama kawaida yangu, nimsalimie Leonidas. Nikakuta kamba zimevutwa kwenye vigingi. Ardhi imesawazishwa. Vipande vya migomba vimetupwa kando na ng'ombe wa watu wanatafuna. Visiki vyote vilikuwa vimekatwakatwa vipande vidogo, maana kila mtu anajua usipofanya hivyo vitaota tena chini ya ukuta.

Audax alikuwa pale na koleo. Aliponiona akaliacha likaanguka.

"Kulikuwa na mkungu," nikasema. "Niliuacha unakaribia kukomaa. Uko wapi?"

"Mama, nisamehe."

"Uko wapi, Audax?"

"Nimeuuza pamoja na ya nyumbani. Lori liko njia panda, linapakia."

Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu, kanga inanivuka, viatu nimeviacha njiani. Nilikuwa na wazo moja tu kichwani, kwamba ule mkungu ndio uliobaki. Shati lilioza zamani, mwili uko porini Uganda, kichaka kimeliwa na ng'ombe. Nikiupata nitauweka ndani, hata ukioza uozee mikononi mwangu. Nililia kwa sauti barabarani na sikuona aibu.

Lori lilikuwa limejaa nusu. Mwenyewe alikuwa Mihayo, mfanyabiashara wa Nyantakara kule Biharamulo, mtu mnene mpole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna mkungu wangu humu. Umechukuliwa kwa makosa."

Aliniangalia miguu, akaangalia uso wangu, wala hakubisha. "Basi uchukue, mama. Sitaki chochote kwako. Ni upi?"

Nikageukia lori.

Mungu wangu. Ilikuwa imelala mikungu juu ya mikungu, ya Kasulo yote, ya watu wote, ya kijani ileile, mikonyo imekatwa vilevile. Niligusa mmoja, nikagusa wa pili. Nilikuwa nikijiambia miaka yote ile kwamba mkungu wa pale ningeutambua hata gizani. Nilikuwa nimeupapasa kila nilipopita, nikiuita kwa jina lake. Sasa nilisimama mbele ya lundo lile na sikumjua mwanangu.

"Chukua wowote basi, mama," Mihayo akasema, na alisema kwa huruma kabisa. "Ndizi ni hizihizi."

Nikakaa chini palepale kwenye vumbi.

Audax akafika anahema. Alirukia juu ya lori, akaanza kuipindua mikungu, anainua huu anautazama, anauweka, anainua mwingine. Jasho lilimtiririka na utomvu ukamchafua shati, lile shati la mtumba alilokuwa akilitunza kwa ajili ya kanisani. Nilimwona anatafuta asichokijua. Yeye aliikata yote asubuhi moja, mmoja baada ya mwingine, angejuaje? Mtu mzima mwenye mke na watoto, midomo imemkunjamana kama alipokuwa mdogo akisubiri nimpige.

Akainua mmoja, akauleta ukingoni mwa lori, akaniinamia.

"Ni huu, Mama? Niambie ni huu."

Niliutazama ule mkungu. Ulikuwa wa mtu mwingine yeyote. Pengine ulikuwa wa Methusela, au ulitoka kilima cha pili. Kisha nikamtazama aliyeushika, nikamtazama vizuri, na nikaona ana mvi juu ya masikio. Sikujua zimeanza lini.

"Ndio huo, baba," nikasema.

Akashuka, akauweka begani. Mihayo akanisaidia kusimama, akaniambia pole sana mama, ingawa hakujua ananipa pole ya nini. Tukashika njia ya nyumbani. Audax alitembea mbele polepole ili nimfikie, na mgongo wake ulikuwa unatikisika.

Tulipofika kwenye mteremko akasimama. Akaniuliza bila kugeuka kama nina hakika.

Nikamwambia mama hawezi kukosea kumtambua mtoto wake. Akaniamini, akauhamishia mkungu bega la pili, tukaendelea kutembea.