Sakafu ya Shevrole

Delmar alimwahidi mkewe Loretta kuwa theluji ikiyeyuka atampakia katika Shevrole yao kuukuu isiyo na paa, ile iliyowabeba siku ya harusi. Loretta alikuwa mgonjwa sana, na daktari alikuwa amesema huenda asifike majira ya joto, kwa hiyo Delmar alikuwa akifanya kazi mbiombio.

Chumvi inayomwagwa barabarani Ohio kuyeyusha barafu ilikuwa imekula sakafu yote ya gari, na ilibidi ikatwe iwekwe mpya. Jirani yake, Vern, alimwonya. "Mzee, gari lisilo na paa linashikiliwa na sakafu. Chomelea vyuma milangoni kwanza, ndipo ukate."

"Hivyo vyuma vitanilia siku tatu."

"Haya, kata, bingwa. Mimi simo."

Akakata. Alipomaliza upande wa pili, bodi ya gari ililia kwa nguvu, ikajikunja katikati, na milango yote miwili ikabanwa. Alivuta kitasa mpaka kiganja kikachubuka.

Loretta aliposikia kishindo alikuja gereji akijishikilia ukutani, blanketi mabegani. Baba yake alikuwa fundi wa bodi za magari, kwa hiyo yeye hakuhitaji kuelezwa.

"Del, umekata bila kuchomelea vyuma?"

"Nilikuwa nakimbizana na..."

"Na mimi. Najua."

"Nitalinyoosha, Retta. Nipe miezi minne tu."

Loretta akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu.

"Ningekuwa nayo, mpenzi, ningekupa yote," alisema, akageuka polepole kurudi kitandani.