Kanuni ya Miezi Ishirini na Minne

Jumatatu ya kwanza ya Februari 1975, Nassibu alichonga penseli kwa wembe, akatandaza karatasi ya miraba mezani na kuweka nukta ya kijiji cha Umoja. Kilo sifuri. Ndiyo mahindi yaliyobaki kwenye ghala la kijiji mwisho wa Januari.

Katika ofisi ya takwimu za mazao mjini Tabora, kazi yake ilikuwa kuchora mstari wa wastani. Alijumlisha akiba ya miezi mitatu ya mwisho na kugawa kwa tatu. Mwezi mpya ukiingia, wa zamani unatoka. Mstari ukishuka chini ya alama nyekundu, lori la mahindi ya msaada linapelekwa. Mstari wa Umoja ulikuwa umebakiza mraba mmoja kufika alama hiyo.

Mabruki, mkuu wa ofisi, alikwisha kuripoti kwamba vijiji vipya vimeshiba.

"Ndugu Nassibu, mstari wako una papara," alisema. "Tunga kanuni nyingine. Chukua miezi mingi, na ile ya zamani uipe uzito."

Nassibu akatunga ya miezi ishirini na minne, ile ya zamani ikizidishwa kwa tatu. Kwa hiyo mavuno ya kabla watu hawajahamishwa, walipokuwa bado kwenye mashamba yao, yalihesabiwa kuwa shibe ya leo. Alijua ni uongo. Mama yake mzazi, Mwanamkuu, alikuwa amehamishiwa Umoja. Aliandika hata hivyo, kwa mwandiko mzuri, kwa sababu alimwogopa Mabruki. Mabruki akagonga muhuri na mstari ukapanda.

Wiki ile watu wa Umoja wakanenepa. Hawakuwa wamekula, miili yao ilifuata mstari tu. Bwana afya akaja na mizani, akakuta uzito wa mwaka sabini na tatu, akaandika na kuondoka.

Machi, Mwanamkuu alifika kwa mwanawe mtaa wa Gongoni, Tabora mjini, baada ya siku tatu za kutembea kwenye njia ya zamani ya wapagazi. Mashavu yalikuwa yamejaa, bangili zinambana. Akaanguka mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Tangu nitoke nyumbani sijatia kitu kinywani."

Nassibu akamnywesha uji. Akamwomba asirudi.

"Nikae, na Amne nimwachie nani?" Amne alikuwa mjukuu wake yatima, wa miaka sita. "Wewe turudishie kanuni ya mwanzo. Tukonde, tuonekane."

Nassibu akampandisha lori la mbao, akiwa na debe la unga. Kwenye kizuizi cha kijiji, mgambo alimtazama mama yule mnene, akamwita mlanguzi na kuuchukua unga. Mgambo naye alikuwa mnene, na alipolipokea debe akabugia unga mkavu.

Nassibu akaandika upya kanuni ya miezi mitatu. Bila muhuri haikufanya kazi, basi akaipeleka.

"Watu wamenawiri," Mabruki alisema, "nawe unataka niwakondeshe?"

Nassibu alilia palepale mbele ya meza. Mabruki akampa ruhusa ya siku moja apumzike, na ile karatasi akaitia kwenye droo.

Mwanamkuu alikufa Aprili kwa njaa, akiwa na mashavu yake. Wachukuzi hawakuwa na nguvu. Jeneza lilitua mara nne kabla ya kufika makaburini. Nassibu akamchukua Amne, akakaa naye Gongoni.

Mwaka uliofuata mvua zilikuwa nzuri. Kufikia Julai ghala la Umoja lilifurika, magunia yakapangwa hadi nje. Mwezi huohuo mavuno ya zamani yalikuwa yamekwisha kutoka yote kwenye kanuni, imebaki miaka miwili ya njaa, na mstari ukashuka chini ya alama nyekundu. Watu wa Umoja wakakonda wakiwa wanatafuna. Amne pia, huko mjini, alimaliza sahani mbili za wali na mbavu zake zikahesabika.

Lori la msaada likaenda Umoja. Picha zikapigwa. Mahindi yakashushwa juu ya mahindi.

"Unaona?" Mabruki alisema. "Kanuni yako haidanganyi. Inachelewa kidogo tu."

Nassibu alisema kwamba kwa hesabu ile mama yake angeanza kukonda mwezi huu.

Mabruki akakubali kuwa ni kweli, akampa orodha ya vijiji saba vingine vya kuingizwa kwenye kanuni hiyo kabla ya Ijumaa. Nassibu akaanza na Ntalikwa.