Njiapanda ya Mfaume

Mwanajuma alikuwa akigeuza vitumbua mlangoni kwake, pale njia ya Mzenga inapokutana na ile ya Visiga, aliposikia mumewe, Mfaume, akipiga hodi kutoka mahali pasipo na mtu.

"Mama Mwamini, mko wapi?"

"Tupo njiapanda, baba. Karibu."

"Njiapanda nimesimama mimi. Naona magugu tu."

Tangu masika Mfaume alikuwa kwenye kazi ya lazima, akiponda kokoto za barabara ya serikali. Barabara iliponyooshwa, njiapanda ilisogea na nyumba zake, kuku wake na makaburi yake, kama mtu anayempisha mwenzake. Wenyeji waliamka, wakaona jua linachomozea upande wa jikoni, wakashika majembe. Hapakuwa na mkubwa wa kumwarifu. Pale hapakuwahi kuwa na jumbe, wala jina jingine zaidi ya Njiapanda. Babu zao walijenga hapo kwa sababu ndipo wapagazi walipotua mizigo.

Mwanajuma alipakua vitumbua, akaisukuma sahani kuelekea kwenye sauti. Ikarudi tupu. Basi alikuwa hai, na njaa anayo.

Akaenda kwa jumbe wa Mzenga.

"Shikamoo, jumbe. Mume wangu amerudi, ila hafiki."

"Marahaba. Njiapanda si kwangu. Nenda Visiga."

Visiga wakamwambia arudi Mzenga. Akarudi.

"Mbona mlipotaka watu wa barabara mlitujua?"

Jumbe alitafakari, maana hakuwa mtu wa kujibu ovyo. "Siku ile mlikuwa kwangu."

Mwanajuma aliondoka asijue kama anakwenda nyumbani au anatoka.

Jioni waliketi, kila mmoja kwenye njiapanda yake. Mfaume akauliza kama mtoto wao, Mwamini, ameota meno.

"Mawili. Ya chini."

Mwanajuma alinyoosha mkono, akagusa hewa yenye joto la shavu, na unyevu kidogo.

Masika yaliyofuata tarishi wa jumbe alikuja kuchukua watu wa barabara. Hakupotea hata kidogo, wala hakuuliza njia. Alifika moja kwa moja mlangoni, akamtaka Pazi, mdogo wake Mfaume. Pazi alitupia shuka begani, akasimama katikati ya njia, asijue amuage kaka yake akielekea upande upi.

"Pazi," Mfaume akasema, "ukirudi ukakuta magugu, usihangaike kuzunguka. Niite. Nitakuwa karibu."