Lundo Lililoshindiliwa

Kwa miaka thelathini na mmoja nilitunza lundo la makaa ya mawe la mtambo unaoupasha joto mji wa Kivilahti, na katika miaka yote hiyo halikushika moto hata mara moja. Naanza na hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo lililoniponza.

Makaa ya mawe yana tabia ya kujichoma yenyewe. Ukiyamwaga ovyo, hewa hupenya katikati, joto linapanda polepole, na siku moja unaona moshi. Dawa yake ni kushindilia. Unamwaga tabaka jembamba, unapita juu yake na katapila, unamwaga jingine, unapita tena, mpaka lundo linakuwa gumu kama barabara na hewa haina pa kuingilia. Cheti changu cha kuendesha boila ya maji ya moto nilikipata kwa masomo ya jioni, majira manne ya baridi, nikitoka uwanjani na masizi masikioni. Lakini kushindilia sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa makalio, juu ya kiti cha katapila.

Kisha halmashauri ikaamua kwamba makaa basi. Mabomba yakabaki yale yale chini ya barabara, yakipeleka maji ya moto kwenye kila nyumba, shule na hospitali. Kilichobadilika ni cha kuchoma: vilele vya miti, matawi, na miti myembamba inayopunguzwa msituni ili mingine inenepe, yote imekatwakatwa na mashine kuwa vipande vya ukubwa wa kiberiti.

Malori ya kwanza yaliletwa mwezi wa Septemba na Tenho Rautiainen, mwenye msitu ng'ambo ya ziwa. Alikuwa ameuza ng'ombe wake wote wa maziwa ili aingie katika kazi hii. Ni mtu mfupi, shingo nene, husema maneno kumi kwa siku na tisa kati yake ni juu ya miti.

"Nusa," aliniambia, akininyooshea konzi ya vipande. "Msonobari. Umekauka mwaka mzima."

"Makaa hayanuswi."

"Ndiyo maana umekaa nayo miaka yote hiyo na huna rafiki."

Mkuu wa mtambo, mhandisi Henriikka Toivanen, alitugawia kijitabu. Ukurasa wa sita ulisema: lundo la vipande lisizidi kimo cha mita saba, na mashine yoyote isipite juu yake. Niliusoma mara mbili. Mimi husoma kila ninachopewa. Halafu nikaamua kwamba aliyeandika hajawahi kutunza lundo maishani mwake. Moto hutaka hewa. Ukiunyima hewa, haupo. Basi kila siku ya kazi, kabla gari la Henriikka halijaingia getini, nilipanda katapila na kushindilia. Kufikia Krismasi lundo lilikuwa zuri, pembe zimenyooka kama za sanduku. Wageni wa halmashauri ya mji mwingine walilipiga picha, nami nikasimama kando yake.

Januari likaanza kutoa mvuke.

"Aulis, lundo lako linapika supu ya njegere," aliniambia Ilpo, mwendeshaji wa boila, kupitia redio. "Na leo hata Alhamisi, siku ya supu hiyo, bado."

"Ni baridi hiyo. Hata wewe ukipumua nje unatoa mvuke."

"Lakini mimi sinuki siki, bwana."

Ni kweli, lilinuka siki. Nikachomeka fimbo ndefu ya kipimajoto. Nyuzi sabini na mbili. Nikaichomoa, nikaifuta, nikaichomeka mahali pengine. Sabini na tano. Nje kulikuwa na nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri.

Saa ya kahawa Henriikka aliweka kipande cha mkate wa iliki mbele yake na hakukigusa.

"Ni unyevu," alisema. "Vipande vibichi hujipasha. Na upande ule wote umetoka kwa Tenho. Ijumaa navunja mkataba wake, tutanunua vinavyokuja bandarini kwa meli." Akanigeukia. "Wewe ndiye uliyepokea malori yake. Vilikuwa vibichi?"

Nilinyanyua kikombe. "Oktoba mvua ilinyesha sana," nikasema.

Kila neno katika sentensi ile lilikuwa la kweli. Henriikka akaandika kitu kwenye daftari lake, na kahawa yangu ikanishinda kumaliza.

Kesho yake Tenho, aliyekwisha kupigiwa simu na Henriikka, alikuja mwenyewe, amebeba ndoo. Hakupanda ofisini. Alinikuta kwenye kibanda cha mizani.

"Nimekausha vipande kwenye jiko la sauna," alisema. "Kilo moja, imebaki gramu mia sita na sitini. Vibichi vingebaki nusu. Hivyo si vibichi, Aulis. Nawe unajua si vibichi."

"Mimi sikusema vibichi."

"Umesema nini basi?"

Nikapanga karatasi za mizani. Akaweka ndoo chini, akatembea hadi kwenye lundo, akalipanda. Nilimfuata. Juu kabisa akasimama na kuangalia miguu yake. Akaruka. Akaruka tena, kama mtoto kwenye barafu ya Novemba anayepima kama itambeba.

"Vipande vikimwagwa tu, mtu huzama," alisema. "Hapa ningeweza kucheza dansi ya tango."

"Tenho..."

"Nani kalishindilia?"

Nikaangalia upande wa ziwa.

"Ghala la babu yangu liliungua hivi," alisema. "Mwaka ule nyasi zilikuwa nyingi, wakazikanyaga ili zienee zote. Mti si jiwe, bwana mkubwa. Hata umekatwa, ndani yake bado kuna ukungu na vijidudu vinavyokula, na vikila vinatoa joto. Joto hilo linataka njia ya kutokea. Wewe umeliwekea mfuniko."

Alisema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema. Nilimwelewa mara moja, na hilo ndilo lililoniuma, kwamba halikuwa jambo gumu.

"Utamwambia Henriikka?" nikamuuliza.

"Mimi? Uwanja ni wako." Akashuka, akachukua ndoo yake. "Sikuja hapa kumshtaki mtu kazini kwake."

Lori lake likaondoka. Ilikuwa Alhamisi, saa tano asubuhi. Nilikuwa nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu, na jina langu uwanjani lilikuwa safi. Tenho alikuwa amebakiza siku moja, na zizi lake lilikuwa tupu.

Nikapanda ngazi za ofisini bila kuvua buti, jambo ambalo nimewagombeza watu wengi kwa kulifanya.

"Tenho hana kosa," nilimwambia Henriikka. "Mimi nimekuwa nikipita juu ya lundo na katapila."

"Mara ngapi?"

"Kila siku."

"Lakini ukurasa wa sita..."

"Niliusoma."

"Ukausoma, halafu?"

"Halafu nikadhani najua zaidi."

Nilitegemea kelele, na pengine ningezipokea kwa urahisi zaidi. Akasimama, akachukua kofia yake. "Umeshindilia unene gani? Katikati pakoje? Njoo uniambie huku tunatembea."

Tukaita kikosi cha zimamoto kisimame na mipira yake ya maji tayari, kisha tukalifungua. Dereva wa kijiko, ile mashine ya kuchotea, alikata lundo kama mkate, kipande kwa kipande, nami nilimwonyesha wapi tabaka lilianza na wapi liliisha, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua. Katikati vipande vilikuwa vyeusi kama kahawa, na mahali pamoja palikuwa pekundu. Maji yakapamaliza. Kilichobaki tulikitandaza uwanja mzima, kina cha kiganja, na baridi ikafanya kazi yake. Kabla ya jua kuzama ungeweza kukiokota kwa mkono mtupu. Ilpo hakupunguza joto la mji hata uzi mmoja.

Jumatatu niliitwa kupokea barua ya onyo. Ilikuwa ya kwanza maishani mwangu. Iliandikwa kwa adabu: kwamba "mara kadhaa" nilipitisha mashine juu ya lundo kinyume na maagizo, na kwamba mkataba wa msambazaji unaendelea.

Nikaomba kalamu. Nikafuta "mara kadhaa", nikaandika juu yake: kila siku ya kazi, kuanzia tarehe kumi na tisa Septemba hadi tarehe kumi na moja Januari. Nikatia sahihi.

Henriikka akaisoma. "Unataka nakala?"

"Mbili," nikasema. "Moja nitaipeleka ng'ambo ya ziwa."