Abee ya Mwanarehema

Kaka yangu Mwinyihaji ni mtu wa neno moja. Alikula yamini kwamba bintiye Mwanarehema asiposhinda mashindano yale ya ndege, aache urubani, arudi nyumbani Likoni. Mimi shangazi mtu nilimwambia ana kichwa kigumu. Lakini siku yenyewe alitangulia watu wote kufika uwanja wa ndege wa Port Reitz, kanzu imepigwa pasi.

Ulikuwa mwaka wa sitini na mbili. Wanafunzi wa vyuo walikuwa wakirusha ndege kutoka Entebbe, na atakayetua kwanza ndiye mshindi. Mwanarehema alishika usukani, mwenzake Rispa akasoma ramani. Tuliiona ndege yao juu ya Kipevu, iko mbele ya zote. Wallahi nililia. Mtoto niliyembeba kwa ubeleko, leo anatupitia juu ya vichwa!

Afisa wa mnarani, Mzungu mgeni, akaiita redioni ndege iliyotangulia, nasi tukasikia kwa kipaza sauti. Mwanarehema, kwa uchovu, akaitika kama aitikavyo mtoto wa kike aliyelelewa kwetu:

"Abee."

Yule bwana akasikia herufi mbili, A na B. Na ndege iitwayo A.B. redioni ilikuwapo kweli, ya wavulana, nyuma yake. Akaiambia itue. Mwanarehema akajitaja upya, lakini wavulana walikwishaanza kushuka, na njia ya kutua ni moja. Angetaka angejipenyeza, kwani ujasiri anao. Akaona wenzake wataumia. Akainua ndege, akazunguka taratibu, akawapisha, kisha akatua vizuri kuliko wote. Hapo ndipo nilipojua nani amelelewa vyema.

Nikaenda kwenye meza ya waamuzi nikawapasha habari ya jina lililosikiwa vibaya. Karani wao Odhiambo akawafasiria maana ya abee. Wakacheka, wakatikisa vichwa: aliyetua kwanza ndiye wa kwanza.

Mwanarehema akaja, akampa babake shikamoo, macho chini. Akamwambia ameshindwa, na kiapo anakijua.

Mwinyihaji akamgeukia Odhiambo.

"Waambie mabwana hawa, yule wa mnarani afunzwe Kiswahili kabla ya mwakani. Mwanangu atakuja tena."

Kesho yake akalisha maskini kumi, kafara ya yamini aliyoivunja. Pilau niliipika mimi.